Uzi: Mama kakuta kikopo cha poda ya skii stoo akadhani ni poda ya mtoto. Tuongee kuhusu nta za florini, theluji na jaketi za mvua

#1 Mjukuu wa Machame

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Bi mkubwa wangu yuko hapa Trondheim, Norwei, wiki ya tatu sasa, kaja kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Mtu aliyelelewa Machame hakai bure, Jumamosi kaanza kutupangia stoo. Mimi niko juu ya ngazi nashusha mbao za skii za watoto, zile za kutelezea kwenye theluji, yeye chini anafungua kila kopo. Mara nasikia: "Na hii poda ya mtoto mnaitunzia nini, mtoto mwenyewe ana ndevu?" Kugeuka, vidole viwili vimeshaingia kwenye kikopo, anavipeleka puani anuse.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kumpigia mama yangu tangu nizaliwe. Kikopo kikamtoka, bahati nzuri kikatua kwenye kapu la glovu. Nimemnawisha mikono mara tatu na bado kaninunia. Akauliza swali moja tu: "Kama ni sumu, mbona imekaa rafu moja na viatu vya watoto?" Sikuwa na jibu, ndiyo maana niko hapa.

Ile ni poda ya florini ya kupaka chini ya mbao za skii. Niliinunua 2016, zaidi ya kroni elfu moja kwa gramu 30. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kwa hela ile mama angenunua mbuzi.

Kwa wasiojua: skii haitelezi juu ya theluji kavu kama tunavyodhani. Kati ya mbao na theluji kuna utando mwembamba wa maji. Baridi ikiwa kali utando ni mdogo, nta ya kawaida ya parafini inatosha. Lakini siku ya nyuzi sifuri theluji inakuwa kama uji, maji yanaishika mbao na kuivuta chini, kama tope linavyovuta gambuti. Hapo florini ndiyo ilikuwa mfalme. Mnajua tone la maji likidondokea jani la gimbi linavyobiringika bila kulowanisha? Sasa fikiria chini ya mbao yako pote ni jani la gimbi.

Hapa Norwei kuna kitu wanaita dugnad. Wapare na Wachaga wenzangu mkisikia hivyo jueni ni msaragambo: wazazi wote mnajitolea, huyu achemshe kahawa, yule aweke alama njiani, mwingine apake nta. Mimi nilipewa pasi, labda kwa sababu nilishindwa kila kitu kingine. Tulikuwa watu wanne ndani ya kontena nyuma ya uwanja, nje hasi nane, dirisha limefungwa. Unanyunyizia poda kwenye mbao kama unavyonyunyizia unga kwenye ubao wa chapati, unapitisha pasi taratibu, poda inameremeta kidogo na moshi mwembamba unapanda usoni. Ikipoa unaisugua kwa brashi, vumbi linaruka, linatua kwenye kahawa, kwenye sweta, kwenye ndevu. Jumamosi moja nilipaka jozi saba. Usiku nikakohoa na kutetemeka kama mwenye malaria, mke wangu akasema ni mafua ya Wanorwei. Sijui mpaka leo ilikuwa nini, ila asubuhi ilikuwa imeondoka.

Msimu wa 2018/2019 shirikisho la skii la hapa likapiga marufuku florini kwa watoto wa miaka 16 kushuka chini. Kikopo kikabaki nusu. Kukitupa iliniuma, kukitumia marufuku, nikakisukuma nyuma ya rafu.

Sasa kilichoninyima usingizi. Baada ya mama kulala nikaanza kusoma. Watafiti wa chuo kikuu cha hapahapa, NTNU, mwaka 2019 walitoa utafiti wao wa udongo, minyoo na panya-pori wa Granåsen, ule uwanja wa skii ninaouona nikiwa kwenye basi. Wakalinganisha na eneo la ziwa Jonsvatnet ambako hakuna mashindano. Wanyama wa Granåsen walikuwa na kemikali za florini nyingi zaidi, na aina zake zilifanana na zile zilizomo ndani ya nta. Yaani nta imetoka kwenye mbao ikaingia kwenye theluji, theluji ikayeyuka ikaingia ardhini, mnyoo akala udongo, panya akala mnyoo. Na baadhi ya mbao hizo nilizipaka mimi.

Naomba wataalamu wa humu mnisaidie. Na nifanye nini na kikopo?

#2 Kijiwe cha Kahawa

Naweka kambi hapa. Mama apewe maua yake, kafanya ukaguzi ambao serikali nzima ya Norwei haikufanya stoo kwako.

#3 Nyundo ya Mbagala

Mleta mada, nikuulize kwa heshima. Sisi huku maji yanatoka kwa mgao, mvua ikinyesha choo cha jirani kinahamia sebuleni kwangu, halafu unatuletea habari za panya wa theluji? Matajiri wametengeneza tatizo la kitajiri, wacha walitatue kitajiri. Skii Mbagala anayo nani?

#4 Mkemia wa Kata

Nyundo, tulia kwanza. Skii huna, sawa. Koti la mvua huna? Kikaango kisichoshika chakula? Zulia linalokataa madoa? Karatasi ya kufungia chipsi isiyolowa mafuta? Ukoo ni mmoja, skii ni mtoto mmoja tu wa ukoo, tena yule mwenye fujo.

Ukoo wenyewe unaitwa PFAS. Ni maelfu ya kemikali zenye mnyororo wa kaboni uliovalishwa florini. Kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Ndiyo maana havilowi maji, havishiki mafuta, havishtuki kwa joto la kawaida. Na ndiyo maana bakteria wa udongoni wakikutana navyo wanavipita kama mtu anavyopita jiwe njiani. Wenzetu wamezibatiza "kemikali za milele", na kwa mara moja magazeti hayajatia chumvi.

Maarufu zaidi ni PFOA, ina kaboni nane, mafundi wakaizoea kwa jina la C8. Huko West Virginia na Ohio kiwanda cha DuPont kiliiachia kwenye maji kwa miaka mingi. Kesi ilipofika mahakamani likaundwa jopo la wanasayansi, likachunguza jamii ya watu wapatao 69,000, na kufikia 2012 likawa limeihusisha na mambo sita: kolesteroli kupanda, ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, tezi ya shingo, saratani ya korodani, saratani ya figo, na presha ya ujauzito. Desemba 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka PFOA kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, bila maneno ya "huenda". Na 2024 Marekani ikaweka kikomo cha maji ya kunywa: nanogramu 4 kwa lita. Nanogramu ni gramu moja uliyoikata vipande bilioni moja.

Sasa rudi kwenye kile kikopo cha gramu 30 upige hesabu mwenyewe.

Na kuhusu "inatuhusu nini": PFOA iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2019. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa mkataba huo.

#5 Nyundo ya Mbagala

Hapo kwenye chipsi umenigusa. Endeleeni.

#6 Mama Wawili

Habari zenu wapendwa. Niko Uswidi, ni nesi. Mjukuu wa Machame, pole na shikamoo kwa mama.

Hapa Uswidi kuna utafiti ambao kila nikiukumbuka nawaza wale wanaume wenye pasi. Walichukuliwa damu mafundi wanane wa nta, wale wa Kombe la Dunia la skii, msimu wa 2007/2008. Raia wa kawaida wa hapa alikuwa na PFOA kama nanogramu 2.5 kwa kila mililita ya damu. Wale mafundi, wa katikati yao alikuwa na 112. Mara 45! Mmoja alipita 500. Na walipimwa kila mwezi, hivyo msimu mzima ukaonekana ndani ya damu.

Kilichowashangaza watafiti ni hiki: mafundi hawakuwa wanakula nta. Walikuwa wanavuta hewa. Pasi ikipita, nta inatoa mvuke wenye kemikali nyingine nyepesi, ukifika mwilini ini linaigeuza kuwa PFOA. Yaani mwili wako unakamilisha kazi ya kiwanda. Na ikishaingia haina haraka ya kutoka, kupungua nusu tu inachukua miaka miwili hadi minne.

Tuwekane sawa: wale walikuwa wanapiga pasi kutwa nzima, Novemba hadi Machi, mwaka baada ya mwaka. Wewe na Jumamosi zako chache si sawa na wao. Usiende kumwambia mkeo uandike wosia.

Lakini kinachonikera mimi ni mpangilio. Mwanariadha anapanda jukwaani anavishwa medali, kamera zote kwake. Aliyevuta moshi yuko nyuma kwenye lori, jina halijulikani hata na mtangazaji. Nimefanya kazi ya usafi miaka minne kabla ya unesi, najua dawa inaanza kumla nani.

#7 Mjukuu wa Machame

Dada asante, umenipoza. Na umenikumbusha: kwenye lile kontena kulikuwa na tangazo ukutani, marufuku kuvuta sigara. Nilidhani ni mambo ya moto. Kumbe ncha ya sigara ina joto kubwa kuliko pasi mara kadhaa, chembe ya florini ikitua pale inavunjika kuwa gesi mbaya na unaivuta moja kwa moja. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anatoka nje kuvuta, anarudi, anashika nta, anatoka tena na vidole vilevile.

#8 Buda wa Vermont

Sasa wadau. Mkenya hapa, niko Marekani kaskazini, kwenye baridi ya kukausha machozi. Nafundisha shule, na timu ya skii ya wanafunzi naisaidia kubeba mizigo kwa basi.

Vermont walimaliza hiyo maneno kwa sheria. Ilipitishwa 2021, na kutoka Julai 1, 2023 nta yenye PFAS haiuzwi hapa. Siku tulianza kusafisha kabati ya timu ndio niliona ujinga yetu: pasi tano, brashi kumi na kitu, meza imeganda nta ya miaka. Kubadilisha nta ilikuwa rahisi, shida ikawa ile meza.

Jirani zetu Maine kuna profesa wa Colby College, Gail Carlson, na mwenzake walienda kuchota theluji uwanjani baada ya mbio za wanafunzi. Pale mstari wa kuanzia, PFAS ilikuwa imejaa. Wakapima tena mbele kilomita kadhaa, imeshuka sana. Maana yake nta haingoji mtu afike msituni, inaanza kutoka kwa hatua za kwanza. Wakapima udongo na maji ya chini ya ardhi hapo uwanjani, iko. Na hao walikuwa watoto wa chuo na shule, sio Kombe la Dunia!

Halafu mtu aniambie skii haituhusu. Nyundo, hujui Philip Boit?

#9 Kijiwe cha Kahawa

BOIT! Nagano 1998! Nilikuwa darasa la sita, tunasikiliza redio. Mkalenjin wa kwanza kuvaa mbao kwenye Olimpiki, kamaliza wa mwisho kabisa kwenye kilomita 10, na yule bingwa wa Norwei Bjørn Dæhlie akagoma kwenda kuchukua medali mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye mstari. Boit akarudi nyumbani akampa mwanawe jina la Daehlie. Hadi leo nikimsikia mtu anasema Wazungu wote ni hivi au vile namkumbusha hiyo.

Samahani kwa kuchepusha uzi.

#10 Mjukuu wa Machame

Hujachepusha. Hapa Trondheim ukisema wewe ni wa Afrika Mashariki, mzee yeyote wa kituo cha basi anakutajia Boit kabla hajakuuliza jina. Ndivyo nilivyopata marafiki wa kwanza.

Na mwaka 1998 ndio wakati florini ilipokuwa imekolea. Ilianza kuingia kwenye mbio mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufika Nagano timu isiyokuwa nayo siku ya theluji mbichi ilikuwa inakimbia na jiwe mgongoni.

Kuhusu mashindano makubwa: shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilitangaza marufuku Novemba 2019. Ikapigwa danadana kwa sababu hawakuwa na kipimo cha kuaminika uwanjani. Mwishowe ikaanza kazi msimu wa 2023/24, kuna kimashine kinapiga mwanga wa infraredi chini ya mbao na kutoa jibu papo hapo. Na nani alikuwa wa kwanza kunaswa? Mnorwei! Ragnhild Mowinckel, Sölden, Austria, Oktoba 2023, mbio za kwanza kabisa za msimu. Akafutwa kwenye matokeo. Hapa mtaani ilikuwa kama Simba kanyang'anywa pointi. Wengi hawakuamini kwamba aliiba, walisema ni uchafu wa zamani umebaki mahali. Na hilo ndilo linanitia wasiwasi: kama timu yenye wataalamu na mahela inashindwa kuiondoa kwenye vifaa vyake, mimi na kitambaa cha jikoni nitaiondoa vipi?

Halafu hasira yangu nyingine. Nta mpya ninayopakia binti yangu sasa, isiyo na florini, mbao zinateleza vizuri tu. Siku ya theluji ya uji zinapungua kidogo, na kwa kuwa za wenzake nazo zimepungua, hakuna aliyepoteza kitu. Miaka 30 tumemwaga vitu hivi mlimani ili tushindane, na wote tulipoacha pamoja mbio zikabaki mbio.

#11 Mzee wa Marangu Geti

Salaam wote. Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mwongozaji, Kilimanjaro, mwaka wa 14. Skii sina, theluji naiona ikipungua kila mwaka, lakini hapa kwenye jaketi naomba kuuliza, maana hayo ndiyo maisha yetu.

Mgeni akishuka anaacha vitu: jaketi, suruali ya mvua, buti, glovu. Wagumu, yaani wapagazi, wanagawana. Zingine zinaishia kwenye maduka ya kukodi Moshi, jaketi moja linapanda mlima mara 20 kwa mwaka na migongo 20 tofauti. Nyingi ni za zamani, nzito, zile tunazozipenda hasa kwa sababu hazilowi. Likianza kulowa mabegani tunalipulizia dawa ya kopo. Na ukweli usemwe, tunapulizia ndani ya hema, maana nje kuna upepo. Likichakaa kabisa linaenda shimoni na takataka zingine, tunatia kiberiti.

Hapo tumekosea wapi?

#12 Mkemia wa Kata

Shikamoo mzee. Swali lako limeupita uzi wote. Nianze na mawili ya haraka kisha mengine.

Ile dawa ya kopo, usipulizie tena ndani ya hema, tafadhali. Matone yake ni madogo mno, yanafika mpaka kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu na kufanya huko kilekile kinachofanyika kwenye jaketi: kukataza maji yaliyopaswa kuwepo. Ulaya wapo watu waliolazwa hospitali hawawezi kupumua kwa kupulizia viatu bafuni, dirisha limefungwa. Toka nje, simama juu ya upepo, au tafuta ile ya kupaka kwa sifongo au ya kufulia.

Na kiberiti, acha. Jaketi nyingi za mvua zina tabaka la ndani jembamba la PTFE, plastiki ya florini ileile ya kikaango kisichoshika chakula. Ukilivaa halina shida kubwa, chembe zake ni kubwa, haziingii mwilini kirahisi. Ukilichoma kwenye shimo, moto wetu wa kuni na plastiki unalivunja vibaya, inatoka gesi ya haidrojeni floraidi na wenzake. Anayesimama pale na fimbo anakoroga moto ndiye anayeivuta. Na majivu mvua inayashusha.

Sasa jaketi zenyewe. Juu ya kitambaa kuna dawa inayofanya tone libiringike. Za zamani zilikuwa za mnyororo wa kaboni nane, nazo zinaitwa C8, ambazo ndani yake au zikichakaa zinatoa PFOA. Kelele zilipozidi viwanda vikahamia C6, mnyororo mfupi, na matangazo yakaandika kwa herufi kubwa "haina PFOA". Ni kweli haina. Ni sawa na mtu kukwambia haleti gongo nyumbani kwako, ameleta chang'aa. Umoja wa Ulaya umeibana na hiyo C6, kwa nguo ni kuanzia Oktoba 2026. Mnachotafuta kwenye lebo ni C0, au maneno kwamba haina PFAS kabisa. California tangu Januari 2025 jaketi la mvua kali lenye PFAS lazima liandikwe hivyo, na kufikia 2028 halitauzwa. Ufaransa wamepitisha sheria Februari 2025: nguo, viatu na nta za skii zenye PFAS mwisho ni kuingia Januari 2026.

Msiyatupe mliyo nayo kwa hofu, kuvaa si tatizo kubwa. Tena jambo moja wagumu wengi hawalijui: jaketi likianza kulowa mara nyingi dawa haijaisha, ni jasho na mafuta ya ngozi vimeifunika. Lifue kwa sabuni laini, suuza sana, kisha lipitishe joto la wastani, pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Utashangaa.

#13 Nyundo ya Mbagala

Nina neno hapa. Sheria Ufaransa, sheria California, sheria Norwei. Jaketi ambalo halitakiwi tena Paris litakwenda wapi? Nani ananunua marobota? Mimi nauza mitumba Karume miaka tisa, najua robota la "sport" linavyofunguliwa. Wao wakisema marufuku, sisi huku bei inashuka na tunashangilia.

#14 Mkemia wa Kata

Sina la kuongeza. Nimeisoma mara mbili.

#15 Mama Wawili

Nyundo kaanza uzi anauliza skii anayo nani.

#16 Mswahili wa Deira

Mie nipo Dubai, skii ipo ndani ya maduka, theluji ya mashine, nje nyuzi 44. Naomba nijue kama na kwetu huku panya wameathirika, maana sijamuona hata mmoja mwenye mbao.

Masihara pembeni. Hivi hizo za milimani si zinaletwa na upepo tu? Isije ikawa tunawabebesha wapanda milima lawama zisizo zao.

#17 Mkemia wa Kata

Vyote viwili, na swali ni zuri. Zipo PFAS nyepesi zinazoruka na hewa, zinasafiri nchi hadi nchi, kisha zinashuka na theluji zikiwa zimegeuka. Mwaka 2015 Greenpeace walituma timu milima ya mbali katika mabara matatu, kuanzia maziwa ya Macun kule Uswisi hadi Torres del Paine kule Chile. Wakachota theluji na maji sehemu nane. Zote nane zilikuwa nazo, na nyingine hazina hata kijiji karibu, achilia mbali kiwanda. Huo ni upepo.

Lakini Everest ni hadithi nyingine. Theluji iliyochotwa 2019 pale njia wanayopita wapandaji, kuanzia kambi ya chini mpaka mahali panapoitwa Balcony karibu na kilele, zaidi ya mita 8,000, ilikuwa na PFOA, ndugu yake PFOS na wenzake, na watafiti wakanyooshea kidole nguo na vifaa. Mahema, jaketi, kamba, buti, vyote vimepakwa dawa, vinasuguana na mwamba na barafu msimu baada ya msimu. Na maji ya barafu ile yanashuka kwa watu wanaoyanywa.

Upepo unamwaga kidogo kila mahali. Skii na mahema vinamwaga sehemu moja, mara nyingi, na karibu kila mara ni juu ya chanzo cha maji, kwa sababu mlima ndio chanzo chenyewe.

#18 Mzee wa Marangu Geti

Nimerudi. Leo nilikuwa bohari, nikageuza lebo za jaketi 31 tulizonazo. C0 zimeandikwa mbili. C6 moja. Zilizobaki lebo imefutika au imekatwa kwa sababu ilikuwa inawasha shingoni. Vijana wamenicheka, wanasema mzee kawa afisa viwango.

Makopo ya kupulizia nimeyatoa kwenye sanduku la kambi, manne. Kufua tumeanza na jaketi tano, pasi tumeazima kwa shemeji. Moja maji yanabiringika kama mkemia alivyosema. Nne bado.

Shimo la moto hilo sijui bado, nitaongea na wenzangu. Hakuna mahali pengine pa kuzipeleka.

#19 Mjukuu wa Machame

Wakuu, mrejesho.

Leo nimekipeleka kikopo kwenye kituo cha taka hatarishi. Mama kasema anakuja, anataka kuona poda yake inazikwa wapi. Nimekifunga kwenye mifuko miwili. Yule kijana wa kaunta, kama miaka 20 hivi, kakigeuza, kasoma, akaita mwenzake. Mwenzake mtu mzima akakitambua hapohapo, uso ukabadilika kama mtu aliyeona picha ya zamani. "Hiki nilikuwa nakipaka kwa mikono mitupu," akasema. Akauliza kama kuna kitu ndani. Nikakitikisa, nusu. Akakiweka kwenye pipa lenye mfuniko mwekundu, akaandika kwenye karatasi, basi.

Kitatakiwa kuchomwa kwenye tanuru la joto kubwa sana, ndivyo alivyoeleza, moto wa kawaida hauwezi. Mama alitaka kujua ni joto kiasi gani. Nikamtafsiria: zaidi ya nyuzi elfu moja. Akatikisa kichwa. "Na nyie mlikuwa mnaitia watoto miguuni."

#20 Buda wa Vermont

Mama ako sawa kabisa. Lakini bro, na ile pasi?

#21 Mjukuu wa Machame

Pasi gani?

#22 Buda wa Vermont

Ile ulipakia nayo 2016. Na brashi. Mowinckel alinaswa na nini unadhani?

#23 Mjukuu wa Machame

Ipo stoo. Naenda kuishusha sasa hivi kabla mama hajaamka, maana jana alisema ameona kipasi kidogo kizuri cha kusafiria.